Jibini Siku ya Idi

Tangu niolewe pale Nakivale, mama mkwe wangu alikuwa hajala nyumbani kwangu hata mara moja. Kuja alikuja. Alikaa kwenye mkeka, akapakata wajukuu, akauliza habari za kila mtu mpaka za majirani. Ukimletea sahani, ameshiba. Ukimletea chai, chai ni ya moto mno, acha ipoe. Ikipoa, sasa imepoa, chai baridi inamuumiza meno. Sababu niliijua, na kila mtu pale kijijini aliijua. Sababu ilikuwa samaki.

Mimi ni wa Uvira. Kwetu mtoto akianza kula, anaanza na mchuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikaolewa na watu wa ng'ombe, Wanyarwanda waliokimbilia Nakivale tangu zamani, watu ambao kwao kula samaki na kula nyoka ni jambo moja. Hawakutukani. Wanatazama pembeni tu na kumeza mate. Mume wangu alikula samaki kwa sababu alikulia dukani kwa Waislamu wa Mbarara, akasilimu kule, akajifunza kula kila kilicho halali. Mama yake alibaki na dini yake na ng'ombe wake upande wa pili wa kilima. Alisema sufuria iliyopika samaki haitoki harufu hata ukiisugua kwa mchanga wote wa ziwani.

Hilo la kutokula ningelizoea. Lililoniumiza ni ng'ombe. Kwao mkamwana akizaa, hupewa ng'ombe wa maziwa awe wake. Mimi nilikuwa nimezaa watatu na sijapewa hata kamba. Kila asubuhi binti yangu mkubwa alikwenda na kidumu kwa shangazi yake, huyo dada wa mume wangu, kuomba maziwa. Wifi alimpa, sitasema uongo, hakumnyima siku hata moja. Lakini alipokuwa anamimina alimwuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Na mama yako wake atapewa lini?" Mtoto alirudi akaniuliza mimi. Nikawa natazama chini kana kwamba nimeangusha sindano.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba ng'ombe hapewi mtu asiyejua maziwa. Alisema hivyo hivyo, taratibu, kama mtu anayekwambia kwamba mvua hainyeshi Julai.

Majina ya wale ng'ombe wake ninayo yote kichwani mpaka leo, na ya kila mtu aliyekuwa kwenye mkeka siku ninayotaka kuieleza, na nani alikaa karibu na nani. Nimeyaacha humo humo kichwani. Wengi wamekufa, na waliobaki wana wajukuu wanaosoma vitabu.

Ilikuwa baada ya vita, barabara zimefunguka, mabasi yanafika tena Mbarara. Mwezi wa Ramadhani ulipoanza, mume wangu alirudi kutoka kwa mama yake akaniambia, "Mama amesema Idi hii atakuja kula."

"Atakuja, au atakuja kula?"

"Kula. Amezeeka, anataka kugawa ng'ombe wake akiwa na macho. Anataka kuona nyumba yako kwanza." Akacheka. "Akila na asitapike, ng'ombe ni wako."

Mimi sikucheka. Mwezi mzima samaki hakuingia nyumbani kwangu. Nilimtuma mume wangu Mbarara aniletee sufuria mpya, nikaifunga kwa kanga na kuiweka chini ya kitanda, isije ikapikiwa kitu. Nilisiriba ukuta. Watoto niliwaogesha mpaka wakanichoka. Usiku kitandani nilikuwa napanga nani akae wapi ili yeye awe karibu na mlango, asije akasikia harufu ambayo haipo.

Siku za mwisho za mfungo ndipo mdogo wangu wa kiume akafika kutoka Marekani.

Sikuwa nimemwona tangu tukiwa wasichana na wavulana wa Uvira. Alikwenda kwa masomo, masomo yakaishia njiani, akabaki kule akifanya kazi ya jikoni kwenye hoteli ya chakula. Alishuka Mbarara akiwa na sanduku lenye magurudumu, na magurudumu hayo yalikatika kabla hajafika Misiera, kijiji cha jirani. Nilimkumbatia nikalia. Akaniambia, "Yaya, umekonda," na kwetu yaya ni dada mkubwa, hakuna aliyeniita hivyo miaka yote ile.

Nilimpenda na nilimwonea aibu wakati mmoja. Sijui kama watu wengine wanajua hali hiyo. Alikula mchana wakati sisi tumefunga, akisema ni msafiri. Sawa, msafiri ana ruhusa. Lakini alikula akitembea, andazi mkononi, akiwasalimu majirani na mdomo umejaa. Alikunywa maji akasikitika kwamba hayana barafu. Aliwakusanya wanangu akawauliza mmoja mmoja, "Wewe leo unataka kula nini?" Watoto wakatazamana. Mdogo wao akafikiri sana, akasema, "Chakula."

"Kule kila mutu anachagua yake," aliniambia. "Baba anakula saa yake, mama saa yake. Unafungua frigo, unachukua."

"Na nani anajua nani hajala?"

Akaniangalia. "Hakuna," akasema, kisha akafungua sanduku.

Ndani, katikati ya mashati, alikuwa amefunga kwa magazeti paketi za kitu cha manjano, manjano kama jerikeni mpya. Vipande vyembamba, mraba, kila kimoja kimevalishwa plastiki yake. Jirani yangu aliyekuwa amekuja kuazima kinu aliuliza kama ni sabuni ya wageni.

"Ni ya kula na nyama," mdogo wangu akasema. "Kwetu kule hakuna nyama bila hii."

Kwetu ni Uvira, nilitaka kumwambia. Nikamwuliza tu, "Imesafiri na wewe wakati wote huo? Haijaoza?"

"Haiozi, yaya. Unaweka fasi yoyote, hata kwa jua, inangojea."

Kwa hiyo nikajua ni mafuta. Yapo mafuta ya kupaka kwenye mkate yanayokuja kwa mikebe, hayana mnyama ndani, hayaozi. Nikaweka hilo kichwani likakaa. Kuonja sikuonja, nilikuwa nimefunga. Maziwa nilikuwa nayajua kwa kuyaomba: yaliyokamuliwa asubuhi, jua likiwa utosini yameganda. Kitu kinachovuka bahari ndani ya sanduku na hakichachi, nani angekiita maziwa?

Siku ya Idi wanaume walitoka kuswali wakarudi na watu wao. Waliketi upande wao wa uani, sisi wanawake upande wetu. Mama mkwe alikuja na fimbo yake, amevaa kitambaa cheupe kilichofungwa begani, amejipaka samli shingoni. Wifi alikuwa nyuma yake, na wakamwana wengine wawili. Alikaa pale pale nilipokuwa nimepanga. Akanishika mkono.

"Mukazana," akasema, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto, "leo sijanywa maziwa. Jana jioni pia sikunywa. Nimekuja kula nyama yako."

Msomaji asiyetoka kwa watu wa ng'ombe inabidi aelewe neno hilo. Kwao maziwa na nyama havikutani tumboni. Vikikutana, ng'ombe aliyetoa maziwa yale anavimba kiwele, au ndama wake anakufa. Mtu anayetaka kula nyama anaacha maziwa kwanza, na yule mama alikuwa akiishi kwa maziwa asubuhi na jioni. Alikuwa amelala na njaa kwa ajili yangu. Niliinama tu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kinyarwanda na Kirundi ni ndugu, na sisi wa Uvira tunasikia Kirundi. Alisikia kwamba mama hakunywa maziwa. Alimwonea huruma.

Pilau yangu ilikuwa tayari kwenye ile sufuria mpya. Lakini yeye alikuwa amechukua sehemu ya nyama tangu asubuhi, akaikatakata kwa panga mpaka ikawa kama tope, akafinyanga maduara, akakaanga nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Acha, watu wa hapa wana desturi zao." Akanijibu, "Yaya, mimi ndiyo kazi yangu, niache hata mara moja niwapikie batu yangu." Nikamwacha. Alikuwa ndugu yangu, na amevuka bahari.

Alipokuwa anakaanga, alipaza sauti akiwasimulia wageni habari za Marekani. Alisema huko iko siku moja kila mwaka ndugu wote wanakuja nyumba moja, hata waliokaa mbali sana. Wanakula ndege mkubwa kama mbuzi mdogo. Kabla hawajamaliza wanaanza kugombana, mmoja analia jikoni, mmoja anasema hatakuja tena, halafu wanafungiwa mabaki na kurudi makwao. Mwaka unaofuata wanakuja tena wote.

Wifi alimtafsiria mama yake. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa si ni hapa?" akauliza. Tukacheka wote, hata wifi, na nikaona kwamba siku inakwenda vizuri.

Kisha mdogo wangu akaja na sahani. Mwanaume mzima, anaingia kwenye mkeka wa wanawake, anagawa. Sinia langu la pilau likabaki katikati halijaguswa, kila mtu amepewa sahani yake na duara lake la nyama, limefungwa kwenye chapati kwa sababu mkate hakuupata. Juu ya nyama ile kitu cha manjano kilikuwa kimeyeyuka kikalala kama shuka. Mkamwana mmoja alininong'oneza, "Kila mtu na yake, kama wodini kwenye hospitali ya Ruharo." Uso wangu ulikuwa wa moto. Mdogo wangu akawaonyesha namna ya kushika, kwa mikono miwili, wa kushoto nao umo. Wanawake wakatazama mapaja yao.

Mama mkwe alichukua kwa mkono wa kulia. Akang'ata. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kunawisha, namtazama taya. Alitafuna polepole, kwa meno ya upande mmoja. Akameza. Akang'ata tena. Akamaliza, akalamba kidole, akasema, "Nyama hii ina mafuta mazuri." Akaomba nyingine.

Nataka kusema ukweli wa moyo wangu wakati ule: ng'ombe nilimsahau. Nilikuwa naona tu mtu anakula kwangu. Wengine wote nao walikula walipomwona yeye anakula, wanaume upande wao, wakamwana, wifi. Watoto walikula vipande vya paketini na plastiki yake, wakatolewa vinywani.

Mama mkwe alipokuwa kwenye kile cha pili, wifi akauliza, "Hii ya manjano ni nini?"

Mdogo wangu akafuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amelingoja swali hilo. Akapiga goti mbele ya mama mkwe, kwa heshima, akasema, "Mama, nilisikia leo haukukunywa maziwa. Nikasema hapana, huyu mama hawezi kushinda bila maziwa siku ya sikukuu. Basi hayo ndiyo maziwa. Ni ya ng'ombe ya Marekani, inagandishwa kwa kiwanda. Nimekutilia humo humo."

Neno maziwa hata asiyejua Kiswahili pale alilijua.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama mkwe aliweka chini kile kilichobaki, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaomba maji. Nilimmiminia. Alisukutua, akaenda kutema mbali, akarudi, akachukua fimbo. Akasema, "Ahsante kwa chakula." Akaondoka. Wifi na wakamwana walikuwa wameshafika kwenye migomba, vidole kooni. Yule jirani aliyeazima kinu alikuwa barabarani na watu wengine waliovaa nguo za Idi, wanaona wanawake wa ukoo wanatapika nje ya uzio wangu.

"Yaya, nimefanya nini?" mdogo wangu akaniuliza. "Haikuwa tamu?"

Nilimweleza. Alicheka kwanza, kwa kutoamini. "Batu ba kule wanakula hivyo kila siku, na ng'ombe zao ni nene kuliko hizi." Nilimwambia anyamaze. Niliona aibu kwa ajili yake mbele yao, kisha, alivyocheka, nikaona aibu kwa ajili yao mbele yake, na hiyo ya pili ilinikera zaidi, maana niliona kwamba nimeshaanza kuwa mtu wao. Alipoelewa kwamba sitanii, alikaa juu ya sanduku lake na kuziba uso. Mume wangu hakumtukana. Alisema tu, "Mgeni apumzike Mbarara." Asubuhi alimsindikiza. Zile paketi zilizobaki aliziacha.

Jioni ile ile maneno yalikuwa yameshafika Misiera: yule Mswahili amemlisha mama mkwe wake samaki. Amemfichia ndani ya nyama. Niliyasikia kisimani, yakisemwa nyuma yangu. Waliokula walijua ukweli, lakini kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe, na hakuna aliyetaka kusema amekula nini. Wifi alipoulizwa alijibu, "Mkamwulize mwenyewe."

Nilingoja kusikia kwamba kiwele kimevimba. Badala yake mume wangu aliniletea ujumbe: mama anakuita, uende peke yako.

Nilimkuta amekaa nje, mbali na kibanda cha maziwa, amejifunika kama mwenye homa. Alikuwa amekunywa dawa ya mizizi ya kusafisha tumbo, macho yameingia ndani. Vibuyu na vyombo vya mti vimejipanga mlangoni, vina ukoko, nzi juu yake. Kwake vile vyombo vilikuwa vinang'aa siku zote. Mchungaji wake, ambaye siku ya Idi alibaki malishoni, ndiye aliyekuwa anakamua, lakini chombo hakioshwi na mchungaji, na maziwa hayasukwi na mwanaume, wala na mwanamke aliyechanganya nyama na maziwa mpaka tumbo lake liwe safi.

"Wewe siku ile ulikula?" akaniuliza.

"Hapana, mabukwe. Nilikuwa nahudumia. Pilau yenyewe sikuigusa." Mabukwe ndilo jina lao la mama mkwe.

"Na samaki?"

"Tangu mfungo uanze hajaingia."

"Binti yangu alikula. Wake wa wanangu wote walikula. Mimi nilikula, nikaomba na nyingine." Akatazama vyombo vyake. "Umebaki wewe."

Nikanawa mikono. Yeye hakusogea pale alipokaa. Alinielekeza kwa fimbo kutoka mbali. Osha kwa maji ya moto, si hivyo, zungusha. Sasa majani makavu, washa, zima, ingiza moshi ndani ya kibuyu, funika na kiganja. Nilikohoa mpaka machozi. Nilipoanza kusukasuka kile kibuyu kikubwa nilikirusha kama mtu anayepepeta mchele, akaniambia, "Polepole, mukazana, huo si mchuzi wa ndagala." Sikujua kama analijua neno hilo. Nilimwangalia. Alikuwa anacheka, kidogo, kwa mgonjwa.

Nilikwenda kila asubuhi mpaka tumbo lake likawa safi kwa hesabu yake. Wifi na wale wakamwana walikuwa wanangoja ya kwao, kila mmoja na homa yake. Njiani watu waliniuliza naenda wapi, nikasema mama mkwe anaumwa. "Lazima aumwe," wakasema.

Siku ya mwisho nilimwambia. Sikupanga, lilitoka. "Mabukwe, wanasema nilikulisha samaki."

"Nimesikia."

"Si kweli."

"Si kweli," akasema. Alikuwa ameshika kibuyu kwa mara ya kwanza tangu Idi, anakinusa moshi wake. "Lakini wakijua lililo kweli, ni nani atakayeniruhusu nipite karibu na ng'ombe wake? Mtu akilishwa samaki kwa hila, wanamhurumia. Mimi niliomba ya pili." Kisha akasema, bila kunitazama, "Waache waseme samaki."

Nikawaacha.

Ng'ombe alikuja mwaka uliofuata, nilipojifungua wa nne, akaletwa na mchungaji jioni bila sherehe, ili watu wasiulize sana. Alikuwa na rangi ya kahawia na doa jeupe kwenye paji. Binti yangu hakwenda tena na kidumu. Na mama mkwe alikula kwangu mara nyingi baada ya hapo, kutoka kwenye sufuria ile ile, pilau tu, akiuliza kwanza ndani kuna nini. Lakini maneno ya samaki hayakufa. Hata siku ya mazishi yake, miaka mingi baadaye, nilipokuwa nagawa maji kwa waombolezaji, mwanamke mmoja aliinusa kata kabla ya kunywa, na mwenzake akamkanyaga mguu. Niliendelea kugawa. Wifi alikuwa amekaa pale, alisikia, akainamisha kichwa.

Mdogo wangu bado yuko kule. Anapiga simu siku za Idi, sauti yake imekuwa ya mzee. Baada ya salamu huwa anauliza jambo lile lile, kama vile hajawahi kuuliza: je, yule mama, kabla hajajua, aliipenda kweli?

Ninamwambia aliomba ya pili.